Unahama? Panga Malipo Kwanza, Magunia Baadaye

Mtu akisema anahama, swali la kwanza analoulizwa ni moja: umepata gari? La pili: una watu wa kubeba? Ni maswali mazuri. Lakini pesa nyingi inayopotea wakati wa kuhama haipotei kwenye gari. Inapotea kwenye simu. Ni dipoziti iliyotumwa kwa mtu ambaye si mwenye nyumba. Ni tokeni ya stima iliyokatwa deni la mpangaji wa zamani. Ni dereva aliyelipwa yote asubuhi, halafu ikifika saa sita hashiki simu.

Siku ya kuhama ina ubaya wake. Unalipa watu wengi usiowajua, kwa siku moja, ukiwa umechoka, na chaji ya simu imebaki kidogo. Hapo ndipo makosa hutokea. Kwa hivyo leo hatuzungumzii jinsi ya kukunja mashati. Tunazungumzia malipo ya kuhama: nani analipwa, lini, kwa namba gani, na unabaki na ushahidi gani mkononi. Tutatumia safari moja kama mfano, kutoka Kisumu mjini hadi Kombewa. Hata kama wewe unatoka Kondele kwenda Ahero, au Nakuru kwenda Narok, hatua ni zile zile.

Kwa nini Kombewa

Kombewa iko Seme, kaunti ya Kisumu, kwenye barabara ya kwenda Bondo. Ukitoka mjini unafika Kisian, pale barabara inapogawanyika. Moja inaelekea Maseno na Busia, nyingine inashika upande wa ziwa, inapita Holo, halafu Kombewa, na kuendelea Ndori hadi Bondo.

Ni kituo kidogo lakini watu huhamia huko kila mwaka kwa sababu ya kazi. Kuna hospitali ya kaunti, kuna ofisi za serikali, kuna shule nyingi jirani, na kuna kituo cha utafiti wa afya. Kombewa ilikuwa mojawapo ya vituo 11 barani Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009. Kwa hivyo manesi, walimu, watu wa maabara na askari hupata barua ya uhamisho, na wanakuwa na wiki chache tu za kujipanga.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayeishi Manyatta na ameitwa shule iliyo karibu na Kombewa. Ana kitanda, meza, viti vinne, mtungi wa gesi, televisheni, vyombo na watoto wawili. Kuripoti ni mwanzo wa muhula. Hana muda wa kupoteza, na hana pesa ya kulipa kitu kimoja mara mbili.

Wiki nne kabla: andika hesabu yote, hata ya padlock

Wengi huhesabu kodi, dipoziti na gari, basi. Halafu jioni ya kuhama wanaanza kukopa ya balbu. Andika kila kitu. Bei hizi hapa chini ni za mfano tu, ziweke kando na uandike zako baada ya kuuliza:

- Kodi ya mwezi wa kwanza: 6,000
- Dipoziti: 6,000
- Pikapu: 5,000
- Wabebaji, kupakia na kushusha: 1,600
- Tokeni ya kuanzia: 500
- Padlock, balbu, waya wa kuongezea, misumari ya pazia: 1,400
- Chakula na maji ya siku hiyo: 700
- Ada za kutuma na kutoa pesa: 300
- Ya dharura: 2,500

Jumla ni shilingi 24,000. Ukiwa na wiki nne, ni 6,000 kila wiki. Ukiwa na wiki nane, ni 3,000. Weka pesa hiyo mahali tofauti na ile ya matumizi ya kila siku. Kama huduma unayotumia ina sehemu ya akiba ndani ya simu, itumie. Pesa ya kuhama ikikaa pamoja na ya unga na nauli, itaondoka na unga na nauli.

Jambo moja la kuzingatia: usihesabu dipoziti ya nyumba unayotoka kana kwamba iko tayari mfukoni. Mwenye nyumba wengi huirudisha baada ya kukagua nyumba, na wengine hukata ya rangi. Ikija, iwe faida. Isipokuja haraka, safari yako isikwame.

Wiki hii pia ndiyo ya kutoa notisi kwenye nyumba ya zamani. Soma makubaliano yako uone yanasema muda gani. Toa notisi kwa maandishi, hata kama ni kwa meseji, ili tarehe ionekane. Notisi ya mdomo ndiyo huleta maneno ya "hukuniambia."

Dipoziti: hapa ndipo watu huliwa

Ukiwa Kisumu na nyumba iko Kombewa, kishawishi ni kumaliza mambo kwa simu. Umeona picha kwenye mtandao. Sebule safi, tailisi, maji ndani. Mtu anakwambia kuna manesi wawili wanaitaka nyumba hiyo hiyo, tuma dipoziti nikushikie. Unatuma 6,000. Kesho namba haipatikani. Nyumba ipo kweli, lakini ina mpangaji wake na hana habari na wewe.

Sheria yetu ni fupi: usitume pesa ya nyumba ambayo hujaingia ndani. Nauli ya matatu kutoka Kisumu kwenda na kurudi ni ndogo sana ukilinganisha na dipoziti. Kama huwezi kwenda, mtume mtu unayemwamini, mwalimu mwenzako aliye huko au ndugu. Akifika, afanye mambo manne.

Kwanza, afunguliwe mlango kwa ufunguo. Mtu anayeonyesha nyumba kupitia dirishani, mwogope.

Pili, aulize wapangaji wawili kwenye ploti hiyo: kodi mnalipa nani, na kwa namba gani? Majirani ndio wanajua. Swali hili linachukua dakika mbili, na matapeli hawalipendi.

Tatu, kama mwenye nyumba anaishi Nairobi au ng'ambo na ploti inaangaliwa na mtu mwingine, ongea na mwenye nyumba mwenyewe kwa simu, mbele ya huyo mwangalizi.

Nne, muandikiane. Karatasi moja inatosha: majina mawili, namba za vitambulisho, kodi ni ngapi, dipoziti ni ngapi na itarudishwa kwa masharti gani, na namba ya simu au paybill ambayo kodi italipwa. Hiyo namba ya malipo watu wengi huisahau, na ndiyo muhimu zaidi.

Sasa tuma. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. Je, ndilo lililo kwenye karatasi? Kama si hilo, simama. Pengine ni namba ya mke wake, pengine ni ya mwangalizi, inawezekana. Lakini mwenye nyumba aseme hivyo yeye mwenyewe na iandikwe kwenye makubaliano. "Tuma tu, ni yangu" si jibu.

Mita ya stima: mdogo wa maneno, mkubwa wa deni

Tokeni haihami. Uniti ulizonunua kwenye mita ya Manyatta zitabaki Manyatta, kwa sababu tokeni zile tarakimu 20 hutengenezwa kwa mita moja tu. Kwa hivyo wiki ya mwisho kwenye nyumba ya zamani nunua kidogo kidogo. Usiache uniti 40 kama zawadi kwa mtu usiyemjua.

Kwenye nyumba mpya, kuna jambo la kuangalia kabla ya kulipa dipoziti. Deni la stima likiwa limewekwa kwenye mita, sehemu ya kila pesa ya tokeni hukatwa kulipa deni hilo. Mita haijui kwamba wewe ni mpangaji mpya. Unanunua ya 500 unapata uniti za kukuchekesha.

Njia ya kupima ni rahisi. Pata namba ya mita ukiwa umekuja kuona nyumba. Nunua tokeni ndogo, ya shilingi 100, kupitia paybill ya Kenya Power ya kulipia tokeni, 888880, na namba ya akaunti iwe hiyo namba ya mita. Soma meseji inayorudi. Itakuonyesha uniti na makato. Ukiona kuna deni, mwambie mwenye nyumba kabla hujahamia: alilipe, au likatwe kwenye kodi, na muandike. Ukishaingia na kulala usiku mmoja, deni linaanza kufanana na lako.

Ploti nyingine zina mita moja kubwa na mita ndogo za ndani ambazo tokeni zake huuzwa na mwenye nyumba au kampuni nyingine. Uliza: uniti moja ni pesa ngapi, na nalipa wapi? Iandike.

Gari: nusu mkipakia, nusu mkishusha

Mzigo wa mwalimu wetu unaenea kwenye pikapu moja. Bedsita yenye vitu vichache inaweza hata kubebwa na probox mara moja, na nyumba ya vyumba viwili pengine inataka lori dogo. Ukipiga bei, usiseme tu "Kisumu hadi Kombewa." Sema kila kitu: tunapakia saa ngapi, ghorofa ya ngapi, kutoka lami hadi mlangoni ni umbali gani, na barabara ya ndani iko vipi mvua ikinyesha. Bei ya lami na bei ya kuingia ndani si moja, na dereva akijulia mambo hapo Holo atataka kuongezewa.

Kuhusu mvua, upande huu wa ziwa inapenda kunyesha mchana kuelekea jioni, hasa Machi hadi Mei. Panga kupakia asubuhi mapema. Godoro likilowa, hakuna ada ya simu itakayolirudisha.

Malipo ya dereva yaende hivi: nusu mkimaliza kupakia, maana anahitaji mafuta, na nusu kitu cha mwisho kikishuka. Mkubaliane jana yake, si asubuhi hiyo. Kabla ya nusu ya kwanza, piga picha namba ya gari. Na kama dereva anataka pesa iende kwa namba ya bosi wake, mpigie bosi, mwambie kiasi, na umsikie akikubali. Akiwa na till, afadhali lipa kwa till, kwa sababu jina la biashara linaonekana na kumbukumbu inabaki.

Ukigawanya malipo mara mbili utalipa ada mara mbili, kweli. Hiyo ada ya ziada ichukulie kama bima. Lakini usigawanye bila sababu. Kumtumia mtu mmoja pesa ile ile kwa vipande vitano ni kutupa pesa.

Keshi kidogo, lakini isikose

Usitegemee kutoa pesa nyingi jioni ukifika. Katika kituo kidogo, ajenti anaweza kuwa hana floti ya kukutosha, hasa mwisho wa mwezi watu wakitoa mishahara. Toa unachohitaji ukiwa Kisumu, asubuhi au jana yake, na iwe ya wabebaji, bodaboda na mtu wa maji tu. Omba noti ndogo. Wabebaji wanne wenye njaa na noti moja ya 1,000 ni ugomvi unaotafutwa.

Malipo makubwa, kodi, dipoziti na gari, yaende kwa simu. Hata ukiibiwa njiani, hujabeba mshahara mzima mfukoni.

Siku yenyewe: linda simu kama kitambulisho

Chaji simu usiku, na kama una chaja ya kubeba, ijaze. Simu, kitambulisho, makubaliano na funguo vikae kwenye begi moja linaloning'inia mwilini mwako. Visiingie kwenye gunia lolote, hata kwa dakika moja. Kuna watu wamefika nyumba mpya na hawawezi kumlipa dereva kwa sababu simu iko chini ya sufuria, sufuria iko chini ya godoro.

Namba yako ya siri usimpe mtoto, shemeji wala mbebaji ili "akusaidie kutuma" kwa sababu mikono yako imejaa. Weka kiti chini, tuma mwenyewe.

Na jihadhari na meseji mbili. Ya kwanza ni ile inayosema umepokea pesa, ikifuatwa na simu ya mtu anayelia kwamba amekosea, umrudishie. Angalia salio lako kwanza, si meseji. Kama pesa imeingia kweli, usirudishe kienyeji, mwambie apigie huduma kwa wateja irudishwe kwa njia yake. Ya pili ni ya mtu anayejifanya mfanyakazi wetu anayetaka namba ya siri "kufungua akaunti iliyozuiwa." Sisi hatuulizi namba ya siri. Hata siku moja.

Ukituma kwa namba isiyo sahihi, simamisha kila kitu na uwasiliane na huduma kwa wateja hapo hapo, kabla ya kumaliza kushusha. Mpokeaji akishatoa pesa, kuirudisha kunakuwa kugumu sana. Usifute meseji ya malipo.

Ushauri mmoja usiohusu pesa: neti ya mbu iwe juu kabisa kwenye mzigo, kitu cha kwanza kutundikwa. Hii ni sehemu ya malaria. Usiku wa kwanza watu hulala hoi, na mbu hawajachoka.

Kama unahamia kwako, si kwa mwenye nyumba

Wapo wanaohamia Seme si kupanga, bali kuanzisha boma lao. Kwa Wajaluo nyumba ni *ot*, na boma ni *dala*, na hivyo viwili havichanganywi. Tofauti hii iliwahi kufika mahakamani. Wakili S.M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake na ukoo wake walishindana kuhusu mahali pa kumzika, na moja ya hoja zilizosikika ni kama nyumba yake ya Nairobi ilikuwa *dala*. Alizikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987.

Kuanzisha boma kuna utaratibu wake. Kwa kawaida baba au mzee wa kumwakilisha huongoza, kuna mtoto wa kiume wa kwanza, kuna jogoo, shoka na moto, na kila ukoo una yake ya kuongeza. Siku huamuliwa na wazee, si na dereva. Kwa upande wa pesa, maana yake ni hii: usilipe gari wala fundi malipo yasiyorudishwa kabla ya wazee kukubaliana na tarehe. Na fundi mlipe kwa hatua, kazi iliyoonekana kwa macho: msingi, kuta, paa, mlango. Mabati na saruji nunua mwenyewe dukani kwa till, ubaki na risiti.

Wiki baada ya kuhama: daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kaa chini jioni moja, upitie meseji zote za malipo, na uandike: tarehe, jina, kiasi, na ilikuwa ya nini. Linganisha na ile hesabu ya 24,000. Utajua ulipozidisha, na mwaka ujao ukihamishwa tena hutaanza kwa kubahatisha.

Kisha fuata dipoziti ya zamani. Ulipotoka ulipaswa kupiga video ya kila chumba, kusoma mita, na kukabidhi funguo mbele ya shahidi. Omba dipoziti irudishwe kwa simu, si kwa keshi, ili jina na tarehe vibaki. Mwenye nyumba akikuzungusha, kuwa na stetimenti yako ya malipo, makubaliano na ile video. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo inayosikiliza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni 1, na hulazimiki kwenda na wakili. Mara nyingi hutahitaji kufika huko. Mtu akiona una karatasi zote zimepangwa, huanza kukumbuka namba yako.

Badilisha pia malipo uliyozoea kufanya bila kufikiri. Futa namba ya mita ya zamani kwenye simu, la sivyo siku moja usiku stima ikizima utamnunulia mtu wa Manyatta tokeni. Hifadhi namba ya kodi mpya kwa jina kamili la mwenye nyumba, na uweke ukumbusho wa tarehe ya kulipa.

Ukikwama mahali, tupigie au utuandikie kabla ya kutuma. Swali la kabla ya kutuma linachukua dakika chache. La baada ya kutuma linaweza kuchukua siku, na wakati mwingine pesa hairudi.